Siku Semana Alipopanda Basi

Kamioneti yake Onesphore Semana aliipata mwezi ule ule wa uhuru wa Kongo, kwa Mbelgiji mmoja wa mashamba ya pamba aliyekuwa na haraka. Asubuhi Mbelgiji alitaka bei ya gari zima. Semana akamwambia, "Nitafikiri, bwana," akaenda zake kunywa maziwa. Adhuhuri bei ilishuka ikawa ya nusu gari. Semana akafikiri tena. Jua lilipoanza kugusa milima, mzungu hakuwa tena anatafuta mnunuzi, alikuwa anatafuta mtu wa kumvusha hadi Usumbura, Bujumbura ya baadaye, yeye na mbwa wake. Semana akamvusha, akamshusha na masanduku yake mbele ya hoteli, akampa mkononi kile kidogo walichopatana, akarudi Uvira peke yake na gari lake. Kuliendesha mbele alikuwa anajua. Kurudi nyuma alijifunza baadaye.

Hakuna aliyempa kitu maishani mwake. Alizaliwa juu kwenye nyanda za ng'ombe, nyumbani kwa watu wa kusali na kuchunga, akashuka kijana na vibuyu vya siagi, akabadilisha siagi kwa chumvi, chumvi kwa mbuzi, mbuzi kwa ndama, mpaka wauza nyama wa mjini wakawa wanamtafuta wao. Kwenye soko la ng'ombe la Katogota walimjua kwa fimbo yake na kwa kunyamaza kwake. Muuza ng'ombe mwingine husifu mnyama wake mpaka koo linakauka. Semana alisimama tu. Alikuwa ameelewa mapema kwamba bei haiko kwenye kitu, iko kati ya watu wawili, na anayeweza kungoja ndiye anayeichukua.

Alijenga Nyamianda, mtaa wa Uvira, nyumba ya mabati, akaegesha kamioneti mlangoni. Majirani wakaja, kama majirani wanavyokuja. Mmoja anataka kupeleka mgonjwa, mwingine mihogo, mwingine anataka tu kufika Kavimvira bila vumbi miguuni. Semana aliwajibu wote jibu moja: "Gari si kanisa." Yaani haliingii kila mtu. Jibu likazoeleka, watoto wa mtaa wakawa wanalipiga kelele kamioneti ikipita, "Si kanisa! Si kanisa!" Naye hakukasirika. Aliona ni kama bango la duka: limeandikwa mara moja, halina haja ya kuelezwa kila siku.

Mkewe, Pélagie, kabla ya gari alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, Bujumbura pamoja na akina mama wa Nyamianda. Walipanda basi la Hagenimana, ambalo kwa kweli lilikuwa kamio, lori lililopigiliwa viti vya mbao na kuezekwa turubai. Gari lilipokuja Semana alimwambia, "Mke wa mtu mwenye gari hapandi basi." Pélagie hakubishana. Ila mumewe alipokuwa milimani kununua ng'ombe, majuma mawili au matatu, alipanda.

Bujumbura walikwenda wote kila baada ya miezi michache. Watano ndani ya kabini: Semana kwenye usukani, Pélagie mlangoni na kadogo, kitinda mimba, mapajani, binti mkubwa na mvulana katikati. Vioo vimefungwa, vumbi wameachiwa wengine. Walinunua viatu, walipiga picha, walimsalimu dada yake Pélagie kule Buyenzi, wakarudi kabla ya giza. Miaka minne walisafiri hivyo, na njiani hawakuwahi kuongea na mtu isipokuwa polisi.

Kisha vita ikashuka bondeni. Wanajeshi wakaondoka mjini bila kuaga, vijana waasi wakashika barabara, wamejifunga majani kichwani na wengine wana mikuki tu. Kitu cha kwanza walichouliza katika kila mtaa hakikuwa chakula. Waliuliza magari, na watu wanaojua kuyaendesha. Jirani mmoja mwenye kamio alichukuliwa pamoja nayo kuelekea kusini. Baada ya siku chache kamio ilionekana tena sokoni, inaendeshwa na mtu mwingine.

Semana aliiangalia ile kamio ikipita, akarudi nyumbani, akafunga mlango. Jioni ile alipeleka kamioneti kwenye zizi la zamani chini ya mlima, akatoa magurudumu, akairundikia nyasi mpaka ikafanana na lundo la mtu mvivu. Kesho yake akasikia sokoni jina lake linaulizwa na kijana aliyelitamka vibaya. Walikuwa na jina, na walikuwa na sura ya familia: mwanaume mrefu, mke, binti, mvulana, kadogo kamoja. Sura yake mwenyewe walikuwa hawana, kwa sababu vijana wale walitoka mbali. Lakini sura ya mtu hupatikana. Kinatakiwa kidole kimoja tu cha kuelekeza.

"Lazima tuvuke," alimwambia Pélagie. "Na gari lenyewe ndilo litatuzuia. Tutapanda basi."

Basi lilikuwa bado linapita. Vijana wa barieri, kizuizi cha njiani, walihitaji chumvi, sabuni na sigara za Bujumbura, na Hagenimana ndiye aliyewaletea. Kwa hiyo akina mama wa ndagala waliachwa waende na kurudi.

"Baba Geneviève," Pélagie alisema, "weye haujui kupanda basi."

"Kuna nini cha kujua? Unapanda, unakaa, unashuka."

"Ndiyo maana nasema haujui."

Akamweleza, naye akasikiliza kama anavyosikiliza mtu anayejua soko asilolijua yeye. Ndani ya basi lile watu walibebeana. Forodhani kila mtu aliruhusiwa kitenge kimoja. Aliyekuwa na vitenge sita aliwagawia watano kabla ya kufika. Kila mmoja alijifunga cha mwenzake, akasema ni changu, na Gatumba ng'ambo kila kitu kilirudi kwa mwenyewe. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Hakuna aliyeiba, maana kesho mtakaa kiti kimoja. Na kwa sababu hiyo hiyo walisemeana. Tangu vita ianze, vijana wa barieri waliuliza kila mwanaume, "Nani humu anakujua?" Asipopatikana wa kumsemea, anashushwa, maana huenda ni mwanajeshi aliyevua nguo zake.

"Weye nani atakusemea?" Pélagie aliuliza.

Semana alianza kuwapitia watu wa Nyamianda mmoja mmoja kichwani. Alipita mtaa mzima.

"Anayegawa mizigo ni nani?" akauliza mwishowe.

"Léocadie."

Alijua nyumba ya Léocadie kwa harufu. Mwanamke mpana, mjane, alikuwa anageuza ndagala juu ya mchanga uani kwake. Mwaka uliopita aliomba apelekewe makapu mawili tu hadi Kavimvira, mvua inanyesha.

"Amani, Mama Léocadie."

"Amani. Kumbe kwangu unapajua." Hakuinua kichwa. "Gari iko wapi leo?"

"Imelala."

"Basi hata weye una miguu. Kaa. Hiki kigoda kinapokea kila mutu."

Semana akakaa. Akaeleza shida yake kwa maneno machache, kisha akaweka bei mezani, kama alivyozoea. "Vita ikiisha, nitakubebea samaki mwaka mzima. Bure."

Léocadie akacheka mpaka akaegemea magoti. "Vita ikiisha. Hiyo ni bei ya mutu wa ng'ombe. Ng'ombe inangoja, inazidi kunenepa. Ndagala ukiingoja inaoza. Minye siuzi cha kungojea."

"Unataka nini, basi?"

"Kapu yangu kubwa. Utaibeba kichwani, toka hapa mpaka kwenye basi. Mchana, barabarani."

"Watu wataniona."

"Ndiyo. Wataona mubeba ndagala. Semana hawatamuona, maana tangu lini kichwa cha mwenye gari kikanuka samaki?"

Semana aliitafuta kasoro ya bei ile. Hakuiona. Ilimfedhehesha na ilimficha kwa wakati mmoja, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuifikiria yeye.

"Na watoto?"

"Tutawagawa. Wanatafuta mutu na familia yake; wataona mama hapa, mutoto pale. Kadogo nitakapakata minye. Wawili, wenzangu watachukua. Mama yao ni mdogo wangu, kila siku ni mdogo wangu, barieri wanamujua. Majina yao ni gani?"

"Geneviève Mukansanga. Basile Nizeyimana. Kadogo ni Florentine Nyirahabimana."

Kwao juu milimani kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, la baba halimfuati. Semana hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Sasa aliyasikia majina matatu yakitoka kinywani mwake kama ya watoto wa watu watatu, na hakuna hata moja lililokuwa na kamba ya kumfungia yeye.

"Vizuri sana," Léocadie alisema. "Hawana mwenyewe. Na weye nitakusemea: mubeba mizigo wangu, wa Katogota, hana akili sana."

"Hana akili?"

"Mwenye akili wanamuuliza maswali."

Wakapatana. Siku mbili zilizobaki Semana alizitumia kwa kazi moja. Geneviève alikuwa na miaka kumi, na Basile saba. Hao waliambiwa wakaelewa. Shida ilikuwa Florentine, ambaye alikuwa bado hajatimiza minne na ambaye, popote amwonapo baba yake, alipiga kelele "Papa!" kama mtu anayeita kuku.

Semana alinunua pakiti ya bombo, zile peremende za rangi, akamkalisha mbele yake.

"Huyu ni nani?" akajigusa kifua.

"Papa."

Hakumpa kitu.

"Huyu ni nani?"

"Papa?"

Hakumpa kitu. Geneviève akamnong'oneza sikioni. Kadogo akatazama bombo, akatazama baba.

"Simujui."

Akampa nyekundu.

Kufika jioni ya pili alikuwa anajibu kabla swali halijaisha, kiganja tayari kimefunguka. Basile naye alitaka bombo, akasema "Simujui!" kwa sauti nzito ya askari, akapewa. Geneviève alisema mara moja tu, akiangalia pembeni, na bombo hakuichukua. "Nimeelewa, Papa. Si lazima niseme tena."

Pélagie alikuwa anafunga vitu vichache, pungufu ya vya mtu anayehama. "Umemfundisha vizuri," alisema.

"Mtoto anajifunza haraka akiona faida."

Mkewe alikunja gauni la kadogo, akalikunjua, akalikunja tena.

Asubuhi yake Semana alipita katikati ya Nyamianda na kapu la ndagala kichwani, amevaa kaptula ya kuazima, maji ya samaki yanamtiririka nyuma ya sikio. Léocadie alitembea nyuma yake akimkemea, "Inyooshe shingo! Samaki zangu si za kumwaga!" na alionekana kuifurahia sana kazi hiyo. Hakuna aliyepiga kelele za kanisa. Vijana wawili wenye majani kichwani walimpisha bila kumtazama. Kweli, mtu aliyebeba mzigo ana kichwa lakini hana sura.

Basi lilikuwa linangoja karibu na soko. Semana alipandisha kapu, akaelekezwa benchi la nyuma kabisa. Pélagie alikuwa ameshakaa mbele na wanawake. Na hapo akaona jambo ambalo miaka minne ya kabini haikumwonyesha. Mkewe alikuwa anasalimiwa. Mmoja alimuuliza habari ya jino lake. Mwingine alimrudishia sahani. Mwingine akasogea, akamwambia, "Mahali pako, Mama Geneviève, kwani nani angekaa?" Alikuwa na mahali pake humo. Watoto wakapokelewa na kugawiwa kama vitenge, mmoja huku, mmoja kule, na Basile akafungiwa shingoni kitambaa cha mama asiyemjua, akatulia kimya.

Yeye alikaa kati ya gunia la makaa na mzee aliyesinzia. Mara mbili aliona shingo ya Geneviève inaanza kugeuka nyuma, ikajizuia. Ziwa lilipita upande mmoja, jeupe kwa jua. Barabara ile aliijua jiwe kwa jiwe, lakini aliijua kwa mbele. Kutoka nyuma ya turubai aliiona ikimkimbia. Hagenimana alikuwa anaumiza gia ya pili. Semana alifumba mdomo.

Barieri ilikuwa gogo la mchikichi lililolazwa njiani kabla ya forodha ya Kavimvira. Kiongozi wao alivaa koti la mvua la mzungu ingawa jua lilichoma. Alipanda mguu mmoja kwenye ngazi, akachungulia.

"Mama ba ndagala, amani."

"Amani, kamanda," walijibu pamoja, na Léocadie akaongeza, "Sabuni ya mara ile ilitosha? Naona koti bado inaingoja."

Vijana nje wakacheka. Kamanda akatabasamu kidogo, akaanza kupita katikati ya mabenchi. Watoto hawa? Wa huyu, wa huyu. Huyu mama? Mdogo wangu, unamujua. Ilienda kama maji. Alipofika nyuma, alisimama mbele ya Semana.

"Na huyu?"

Léocadie alikuwa ameshageuka, mdomo umefunguka. Lakini kamanda alikuwa mtu mjanja kuliko koti lake. Hakuwauliza wakubwa. Alirudi hatua tatu, akainama mbele ya Florentine aliyekuwa mapajani mwa Léocadie, akamwelekezea kidole benchi la nyuma.

"Mama mudogo, ule mutu ni nani?"

Florentine akamtazama baba yake. Uso wake ulichangamka, kama uso wa mtu anayekutana na swali analolijua.

"Simujui," alisema, wazi kabisa.

Kisha akanyoosha mkono kuelekea benchi la nyuma, kiganja juu, vidole vinafunga na kufungua. Akangoja malipo yake.

Kamanda aliangalia kiganja. Akaangalia kinakoelekea. Akaanza kusimama polepole.

Pélagie alikuwa ameinuka nusu. Semana alimwona. Aliona pia nini kitafuata: mama atasema neno moja, na neno hilo litavuta mtoto, na mtoto atavuta wengine, wote watashuka kwa ngazi ile mmoja nyuma ya mwingine, mrefu, mke, binti, mvulana, kadogo. Akamtazama mkewe mpaka akakaa. Kisha akafanya alichofanya.

"Mama!" alimfokea Léocadie. "Fundisha mutoto wako! Toka Uvira ananiomba, ananiomba. Minye ni duka? Weye mutoto, shusha mukono! Haunijui, sikujui, unaniomba nini?"

Mkono ulibaki hewani. Florentine hakuelewa kosa lake liko wapi. Alikuwa amejibu sawa. Mdomo wake ulipinda, ukafunguka, akalia kilio kile kisicho na sauti mwanzoni. Léocadie akamzaba kiganja, kidogo tu. "Huyu anaomba kila mutu, kamanda. Juzi aliomba padri. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, na alikufa na deni." Akamkandamiza kifuani, akamfunika na kitenge.

Kamanda akacheka. Wengine wakacheka naye, maana ilibidi. Hata mzee wa pembeni aliamka, akacheka bila kujua kitu.

"Sawa," kamanda alisema, akamrudia Semana. "Mutu mukali. Nani humu anamujua?"

Sasa palikuwa mahali pa Léocadie. Ndiyo sehemu ya bei iliyobaki: mbeba mizigo, wa Katogota, hana akili. Semana alingoja. Alimwona Léocadie akimtazama, mtoto analia chini ya kitenge, na akaona hesabu ikipita machoni mwake kama anavyoijua hesabu. Mtoto amemnyooshea mkono mtu. Mtu amesema hamjui mtoto, tena amemfokea mama kama mgeni. Akisema sasa "huyu ni wangu", kamba iliyokatwa inaunganishwa tena, na kamanda anaanza upya na swali la kwanza. Léocadie akageuka, akaangalia mbele.

Angekuwa yeye, Semana angefanya hivyo hivyo. Hilo alilijua papo hapo, na hakumchukia.

Hakuna aliyesema kitu. Mwanamke mmoja alikohoa. Miaka minne yote ya Nyamianda ilikuwa humo ndani, nyuso ambazo aliziacha kwenye vumbi, na sasa hata wangetaka kumsemea wasingeweza, na wengi hawakuwa wanataka.

"Shuka," kamanda alisema.

Akashuka. Aliteremka kwa mgongo, kama mtu asiyezoea ngazi ile. Gogo likaburutwa pembeni, Hagenimana akaumiza gia yake, basi likapita. Turubai la nyuma lilikuwa limeshushwa kwa ajili ya vumbi, kwa hiyo hapakuwa na uso wa kuuona.

Kamanda alimzunguka mara moja. "Unafanya kazi gani?"

"Nabeba."

"Gari unajua?"

"Kupanda tu. Na hata hiyo, mumeona, sijui vizuri."

"Tunatafuta mutu mumoja, Semana, wa Nyamianda. Unamujua?"

"Namusikia."

"Ni mutu wa namna gani?"

Semana alifikiri. Swali halikuwa gumu. "Mubaya," alisema. "Ana gari, hapakii watu."

"Una hasira naye."

"Kila mutu."

Jibu hilo liliwaridhisha kuliko kitambulisho. Wakampa ndoo. Siku nzima aliteka maji ziwani kwa ajili ya vijana wa barieri, akapasua kuni, akaosha sufuria ya maharage kwa mchanga. Hawakumpiga, hawakumpa jina, walimwita "mubebaji", na alipokawia, "mubebaji!" Kila alipofika majini aliinua macho. Bujumbura ilikuwa kule ng'ambo, mstari mweupe chini ya milima ya Burundi, karibu kiasi kwamba mtu angedhani anaweza kunadi kitu akasikika. Alipiga hesabu yake, maana ndicho alichojua kufanya. Watano waliondoka nyumbani, wanne wamevuka. Kama ni ng'ombe, angesema siku ilikuwa nzuri. Alirudia hesabu hiyo kila ndoo, na kila ndoo ilitoka sawa, na haikumsaidia kitu.

Lakini hakuwa ameona. Aliona basi linapita gogo; forodha hakuiona, daraja hakuliona. Kwa hiyo alipoambiwa mchana, "Mubebaji, unaweza kwenda," alisema kuni bado.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima basi liliporudi. Halikuwa na mtu ndani. Hagenimana peke yake, chumvi na sabuni. Alikuwa Mrundi wa Gatumba, mwembamba, asiyependa maneno. Alimwambia kamanda kwamba ng'ambo wamefunga. Askari wa kule wamesema kuanzia kesho gari lolote kutoka Uvira halivuki, na akina mama wamebaki kule waone kwanza. Kamanda alitukana kidogo, akachukua sehemu yake ya chumvi. Semana alishusha magunia.

"Huyu nipe anisaidie kushusha zilizobaki mujini," Hagenimana alisema.

"Chukua. Anateka maji vizuri, lakini akili iko kidogo."

Semana alielekea nyuma, kwenye mabenchi. Hagenimana akagonga mlango wa kabini. "Mbele. Nyuma kuna chumvi."

Wakaondoka. Gogo lilirudishwa njiani nyuma yao. Walipopita nyumba za mwisho za Kavimvira, dereva alisema bila kugeuka, "Walifika."

"Wote?"

"Wote. Niliwashusha Buyenzi, kwa dada yake. Nilingoja mpaka mlango ukafunguka."

"Na kadogo?"

"Kalilia mpaka darajani, kakalala. Kaliamka Gatumba."

"Kakasema kitu?"

Hagenimana aliendesha kidogo. Shimo lilikuja, akalikwepa vibaya. "Kaliniuliza kama ule mutu mukali atapanda tena basi yetu."

"Ukajibu nini?"

"Minye? Minye naendesha."

Semana akaangalia mbele. Aliona gia ya pili inakuja, akauona mkono wa Hagenimana unavyoikosea, na mkono wake mwenyewe juu ya goti ulifanya kama unataka kuonyesha. Akaushika na ule mwingine. Taa za mji zilikuwa hazijawashwa, na sehemu nyingine pengine zisingewashwa tena karibuni. Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Zizini palikuwa na lundo la nyasi. Kati ya hivyo viwili alijaribu kuchagua, na hakuona tofauti ambayo mtu angeweza kuipigia bei.

"Nikulipe nini?" aliuliza, kwa mazoea.

"Tutashusha chumvi, inatosha."

Waliishusha. Kazi haikuwa ndefu. Kisha Hagenimana akasema amsogeze, maana vijana walikuwa wengi barabarani na mtu anayetembea peke yake huulizwa. Walipoingia Nyamianda dereva akapunguza mwendo, akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Weye unashukia wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kwenye gari lake yeye ndiye aliyeamua watu wake wanashukia wapi. Nyumba yake ilikuja upande wa kulia, giza, ikapita.

"Mbele kidogo," alisema.

Hagenimana akaendelea. Baada ya muda akamtazama tena.

"Mbele kidogo," alisema Semana.